Usiku wangu mmoja njiani Lushoto–Mtae

Nilifika kwenye nyumba ya wageni saa kumi na mbili kasoro jioni, tope mpaka magotini, kidole gumba cha mguu wa kushoto kimechubuka. Ilikuwa siku ya pili ya kutembea na rafiki yangu kutoka Lushoto kwenda Mtae, njia ambayo wengi huigawa kwa siku tatu. Msitu wa Magamba tulikuwa tumeuacha nyuma, na mbele yetu hakukuwa na kingine ila vilima na mashamba ya viazi. Jina la nyumba silitaji. Vyumba ni vinne tu, na nikirudi Desemba, msimu wa matunda, nataka nikute hata kimoja kitupu.

Mama mwenye nyumba hakuniuliza kitambulisho wala pesa. Alinitazama miguu. "Pole na njia, mwanangu. Vua buti hapo hapo mlangoni, maji yanachemka." Haukupita muda nikawa bafuni na ndoo ya maji moto, kopo na kipande cha sabuni ya mche. Buti zilipelekwa jikoni, zikajazwa magazeti ya zamani, zikawekwa hatua mbili kutoka kwenye mafiga. Asubuhi zilikuwa kavu, zinanuka moshi. Nimelala hoteli za Dar zenye bei mara tano ya hapa, na hakuna aliyewahi kujali viatu vyangu.

Sasa malalamiko. Chakula kilichelewa mno. Makande yaliiva saa tatu na nusu, nikiwa nimeshasinzia mara mbili kwenye benchi. Mama hainjiki chungu mpaka aone wageni kwa macho yake, kwa sababu wako waliowahi kuagiza wasitokee. Namwelewa, ila njaa haielewi. Ukitaka kula mapema, mtume kijana anayekuongoza atangulie. Makande yenyewe, na kabichi na parachichi pembeni, niliongeza sahani.

Baridi ya Julai milimani Usambara si mchezo. Blanketi ni moja kwa kitanda, la pili ni mpaka uombe. Mimi niliomba. Rafiki yangu, mzaliwa wa Tanga mjini, aliona haya, akalala na koti na soksi na kilemba cha taulo. Kuta ni za mbao, kwa hiyo usiku mzima nilimsikia akigeuka. Choo kiko nje, chukua tochi.

Godoro? La kawaida. Shuka safi.

Tulilipa 28,000 kila mmoja, pamoja na chakula cha jioni, na asubuhi chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Beba noti ndogo. Mimi nilitoa noti tatu za elfu kumi, mama akapekua kanga yake, hana chenji, akaenda shambani akarudi na fungu la karoti zenye udongo mbichi. Tulizitafuna njia nzima, na tulipokaa ukingoni Mtae kuitazama nyika ya Mkomazi huko chini, zilikuwa zimebaki mbili.