FOSDEM ukiwa Kariakoo: kiingilio bure, bando lako

Kwa asiyeijua, FOSDEM ni mkutano wa watengenezaji wa programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzisoma ndani na kuzibadili, unaofanyika Brussels, Ubelgiji, kila mwaka, wikiendi moja ya mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari. Ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hauna kiingilio wala usajili, na wanaouendesha ni watu wa kujitolea: wanaopanga ratiba, wanaoshika kamera, wanaokaa mlangoni, mpaka wanaobaki kufagia Jumapili jioni. Unaingia chuo kikuu cha ULB kama unavyoingia sokoni, hakuna wa kukuuliza jina.

Mimi Ubelgiji sijafika na dalili sizioni. Nauli ni nauli, halafu kuna viza, na hapo ule ubure wenyewe unageuka kikwazo: mkutano usio na usajili haukuachii tiketi ya kumwekea afisa wa viza mezani. Kwa hiyo nauhudhuria kwa skrini, ofisini kwetu ghorofani Kariakoo, tunakoandika programu za stoo na mauzo kwa maduka ya vipuri vya magari.

Na kwa mtu wa skrini, kusema ukweli, wanajitahidi mno. Kila chumba kina kamera na matangazo yake mubashara, kuanzia ukumbi mkubwa wa Janson hadi vidarasa vya pembeni, na huombwi barua pepe wala kufungua akaunti. Majira hayo wao wako nyuma yetu kwa saa mbili, hivyo mambo yakianza kule Jumamosi saa tatu na nusu, huku ni saa tano na nusu. Unafua, unaanika, na bado unawahi.

Kinachotesa ni ratiba. Mada ni mamia, vyumba kibao vinakwenda kwa wakati mmoja, na zile mbili unazozitaka lazima zigongane. Pakua FOSDEM Companion, programu ya simu ya ratiba hiyo, kutoka F-Droid, duka la programu huria za Android, weka alama mada zako mapema; ratiba inabaki kwenye simu hata bando likikata. Walioko kule kwenyewe wana shida kuliko sisi: chumba kikijaa mlango unafungwa, na aliyetoka kwenda kutafuta chipsi anaweza asirudi ndani. Mimi nahama chumba kwa kidole huku natafuna mihogo.

Chumba changu ni cha PostgreSQL, maana ndiyo hifadhidata inayobeba maduka yetu yote. Swali linalonisumbua ni la kawaida kabisa hapa mtaani: wauzaji wawili, kila mmoja na kompyuta yake, wanauza bearing ya mwisho kwa sekunde ile ile. Nani kapata? Stoo inasoma hasi moja na tajiri anapiga simu. Mzungumzaji alikuwa anaeleza jinsi ya kufunga mstari mmoja wa jedwali, wa pili asubiri mpaka wa kwanza amalize, na mimi kalamu mkononi. Mtu akauliza swali kutoka viti vya nyuma. Kwenye skrini tukaona midomo tu, kwa sababu maikrofoni iko kifuani kwa mzungumzaji, siyo kwa anayeuliza. Mzungumzaji akatikisa kichwa, akajibu kwa kirefu, mkono ukichora hewani.

“Dada, kaulizwa nini?” akasema kijana wangu wa kazi.

Hakuna aliyejua. Mara sauti ikapigwa kutoka ukumbini, rudia swali! Akalirudia, na lilikuwa swali letu, ila la benki badala ya bearing. Huo ukelele ni jambo la kawaida FOSDEM. Wazungumzaji wanasahau, watu wa ukumbini wanawakumbusha kwa niaba yetu tulio mbali. Mungu awabariki wapiga kelele.

Ambacho skrini haikupi ni korido. Najua ninachosema kwa sababu Agosti 2018 FOSS4G, mkutano wa kila mwaka wa programu huria za ramani, ulikuja hapa hapa Dar, ukumbi wa Julius Nyerere. Ule ulikuwa wa kulipia, lakini wakati wa chai ungeweza kumshika mkono mtu wa QGIS, programu ya kuchorea ramani, na kumwonyesha kinachogoma kwenye laptopu yako, na pembeni vijana wa Ramani Huria, waliochora mitaa yetu inayofurika, wanabishana na wageni kuhusu mitaro. Brussels nako kuna meza za miradi ya programu huria kama Debian, KDE, LibreOffice na wenzao, ambako aliyeandika programu anasimama nyuma ya meza ukamuuliza utakacho. Mimi naona migongo ya watu tu. Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano iko koridoni.

Ushauri wangu: usiunguze bando lote kwenye mubashara. Fuata chumba kimoja unachokipenda, mengine subiri video. Zinapandishwa moja moja siku na wiki zinazofuata, baada ya mzungumzaji mwenyewe kukagua inapoanza na inapoishia. Kila video ina mafaili ya aina mbili, AV1 na MP4; chukua la AV1, kwa kawaida ni dogo kuliko la MP4, ingawa simu ya zamani italicheza kwa kukwamakwama. Pakua usiku, bando la usiku ndilo kazi yake.

Za PostgreSQL ninazo tayari kwenye diski ya ofisi. Leseni yao ni Creative Commons, kunakili na kugawa ruksa mradi umtaje mwenyewe. Njoo na flashi, siyo ile ya GB 4.