Nyuzi bapa za gitaa la besi: zipi za kununua kwanza

Nyuzi bapa, au flati, huzungushiwa utepe wa chuma badala ya waya wa mviringo. Vidole vinateleza bila mkwaruzo, sauti hutoka nene na fupi, na kwenye besi isiyo na freti (vile vyuma vya kukata shingo) ubao wa shingo hauliwi. Ghali, ndiyo, ila seti moja hukaa miaka. James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown, alikuwa habadilishi mpaka uzi ukatike. Kama kazi yako ni slapu, yaani kuchapa nyuzi kwa kidole gumba, baki na nyuzi za kawaida.

1. La Bella Deep Talkin' Bass 760FS (45–105, yaani unene wa nyuzi kwa elfu za inchi). Ukisema unataka besi ya muziki wa soul wa zamani, jibu ni hizi. Mwanzoni sauti yake inang'aa kidogo. Zipigie wiki kadhaa zitulie. Usikimbilie seti ya Jamerson yenyewe, 52–110, kwa sababu ya jina tu: ni ngumu kama nondo, inavuta shingo, na uzi wa E, ule mnene kuliko wote, huenda usiingie kwenye mfereji wake pale juu ya shingo mpaka fundi aupanue.

2. Thomastik-Infeld JF344 (43–100), kutoka Vienna. Hizi ni laini mno. Mwenye mkono mzito atazilalamikia kwamba zinacheza ovyo. Mwenye mkono mwepesi hatarudi kwingine. Sauti yake ina masafa ya katikati ya kutosha, si mazito tu, hivyo besi haizami chini ya ngoma. Ningeziweka juu kabisa kama bei yake isingekuwa ya kuumiza.

3. D'Addario Chromes ECB81 (45–100). Sauti yake inang'aa kuliko zote mbili hapo juu, na ndizo daraja zuri kwa anayetoka nyuzi za kawaida. Lakini zimekaza.

4. Rotosound 77. Steve Harris, mpiga besi wa bendi ya metali ya Iron Maiden, hupigia flati za Rotosound, kwa hiyo anayedhani flati ni za wazee na amsikilize. Zimekaza pia, mimi huwapendekezea wapiga pleki pekee, wanaopiga kwa kipande cha plastiki badala ya vidole.

Kabla ya kulipa, pima urefu wa uzi unaotetema kwenye besi yako: nyingi ni inchi 34, fupi ni 30, na seti ya moja haifai nyingine. Ukibadili ugumu wa nyuzi, shingo itahitaji kurekebishwa. Na uzi ukizidi urefu, ukunje kwanza pale unapotaka kukata, ndipo ukate nje ya kunjo. Ukikata ukiwa umenyooka, utepe unaweza kufumuka.