Trela ya pauni 58 na mzee aliyeninyima ile ya 30

Kwa ndugu walioko Luton, Uingereza, na kandokando, wanaopeleka mizigo bandari ya Tilbury kupakia kontena la Mombasa: nimetoka kukodi trela kwenye yadi moja nje ya mji, Ijumaa hadi Jumatatu. Jina silitaji, maana nina malalamiko nayo mawili.

Nilipiga simu nikitaka ile ndogo ya pauni 30, isiyo na breki. Mzee wa yadi hata jina hakuniuliza. "Unabeba nini?" Nikamtajia: injini na gia boksi ya kaka yangu wa Likoni, mapipa mawili ya bluu, friji, mashine ya kufulia. Kama kilo 550 hivi. Nikajitia mjuzi: sheria si inaruhusu 750 bila breki? Akacheka. Hizo 750 ni pamoja na trela yenyewe, na yake ikiwa tupu ina kilo 240. Piga hesabu. Tena hata ukiwa chini ya hapo, trela isiyo na breki haitakiwi kuzidi nusu ya uzito wa gari tupu linaloivuta. Kwa hiyo ni ile yenye breki, kilo 1,300, pauni 58. Nikakata simu nikamwambia Mama Salma tumepata mwizi.

Mwaka jana nilikodi kwa mtu mwingine ambaye hakuuliza chochote. Alinipa na kamba juu. Namba ya gari nikaiandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye boksi la viatu nikaifunga nyuma kwa waya. Injini niliitupa mkiani kwa sababu ndiko ilikokuwa rahisi kuiingiza. Nimeikaribia Watford kwenye M1, naenda maili 65, trela ikaanza kutikisa mkia kama samaki, na gari nalo likaanza kuufuata. Niliachia mafuta, breki sikuigusa, nikasoma Ayatul Kursi mpaka ikatulia. Halafu nikaja kujua kwamba hata hiyo 65 ilikuwa kosa: ukivuta trela mwisho ni 60 kwenye barabara kuu kama M1 na 50 kwenye barabara za kawaida, na palipo na njia tatu, ile ya kulia kabisa si yako.

Basi turudi kwa mzee. Alifungua mlango wa dereva akapiga magoti, akasoma kibati kilichobandikwa kwenye nguzo kwa kidole. Mstari wa kwanza ni uzito wa gari likishajaa, wa pili ni gari na trela kwa pamoja. Ukitoa unapata unachoruhusiwa kuvuta. Nina gari hilo mwaka wa sita na kibati hicho sijawahi kukiona. Akaitazama leseni yangu ya 2009. Sisi tuliopata leseni kuanzia 1997 tulikuwa tunadaiwa mtihani wa pili kwa trela nzito, na tangu 16 Desemba 2021 hatudaiwi tena, leseni ya gari dogo inaruhusu trela ya hadi kilo 3,500, mradi kibati cha gari kiruhusu. Habari hiyo haimfurahishi. "Kwa hiyo sasa mtihani nawapa mimi."

Na kweli alinipa. Kichwa cha trela kikishakaa kwenye ule mpira wa chuma wa nyuma ya gari, usiamini mlio wa "tak". Zungusha kigurudumu cha mbele kama unainua trela. Nyuma ya gari ikipanda nayo, imeshika. Waya wa dharura ufungwe kwenye gari, ili trela ikichomoka waya uvute breki yake kabla haujakatika. Sarafu ya peni 20 aliitia kwenye mitaro ya tairi zote, na za gari langu pia: ule ukingo wa sarafu ukionekana, huenda tairi imekwisha, ikapimwe, na tairi moja mbovu inaweza kukutoa pauni 2,500 na pointi 3. Kisha akanisimamisha nyuma nisome taa wakati yeye anakanyaga breki. Indiketa ya kushoto ilikuwa imekufa. Akabadilisha balbu palepale.

Malalamiko sasa. Plagi yangu ni ya pini 7, trela ni ya pini 13, nikatozwa pauni 6 za kiunganishi ambacho kwenye simu hakikutajwa. Na amana yangu ya pauni 100 imerudi siku ya tisa, baada ya kupiga simu mara mbili. Pia Jumamosi wanafunga saa sita mchana. Nendeni na kitabu cha gari, maana namba pleti ya kufunga nyuma ya trela wanakutengenezea kaunta lakini bila karatasi hawagusi.

Nyota nne.

Kitu kimoja nimekifanya nyumbani kwa maelekezo yake: kupima uzito unaolalia gari, kwa kuweka kichwa cha trela juu ya kipande cha mbao na mbao juu ya mizani ya bafuni. Mara ya kwanza ilisoma 92 na gari langu mwisho ni 75. Nikasogeza injini nyuma kidogo, karibu na ekseli lakini isiipite, ikasoma 70. Tilbury nimefika trela imetulia kama godoro. Mizani ndiyo imebaki na ufa, inaanza na kilo mbili kabla hujaipanda, na Mama Salma tangu Jumanne anajinyima chapati.