Kompyuta ya Kwanza Nyumbani kwa Laki Sita: Ipi Ununue Ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe

Mpunga wa Mbarali ukishauzwa, au bumu la chuo likitoka, swali huwa ni lile lile: "Nina laki tano na nusu, ninunue kompyuta gani?" Anayeuliza ni mzazi mwenye mtoto anayeanza chuo, mwalimu aliyechoka kulipia kuchapisha mitihani, au dada anayetaka kufungua steshenari yake Uyole. Jibu langu kwa karibu wote ni moja: nunua mashine iliyotumika ofisini, yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya mwaka 2017 au 2018 kuja huku, yenye SSD (hifadhi ya kisasa isiyo na diski ya kuzunguka), na uiache ile mpya ya kwenye boksi inayouzwa kwa bei hiyo hiyo. Wachache wanaotakiwa kufanya tofauti nitawataja.

Kwanza tuelewane kuhusu namba, maana madukani ndiko watu wanakopotezwa. Muuzaji atakwambia "hii ni i7", yaani daraja la juu la prosesa za Intel, kana kwamba maneno yameishia hapo. Hayajaishia. Angalia tarakimu zinazofuata. Kwenye i5-8250U, ile 8 ya mwanzo ni kizazi cha prosesa, yaani cha 8. Kwenye i5-10210U ni cha 10. Sasa i7-3520M ni ya kizazi cha 3, ilitoka 2012, na i3 ya kizazi cha 10 inaiacha nyuma huku ikila umeme kidogo. Stika ya i7 ni karatasi tu, inabandikwa na kubanduliwa. Fungua Settings, kisha System, kisha About, usome jina kamili la prosesa kwa macho yako.

Kwa nini nang'ang'ania kizazi cha 8? Kwa sababu Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia hapo rasmi, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ya Windows 10 haikuzimika siku hiyo, na Microsoft wametoa mwaka mmoja wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa wanaojiandikisha, lakini nao unakwisha Oktoba 2026. Wapo mafundi wanaoweza kuilazimisha Windows 11 iwake kwenye mashine ya kizazi cha 4. Itawaka kweli. Ila Microsoft hawaahidi kuiletea masasisho, na siku ikigoma utakuwa wewe na fundi wako tu. Ukikuta prosesa ya AMD, mpinzani wa Intel, tafuta Ryzen ya mfululizo wa 3000 kwenda juu.

La pili ni SSD. Hapa sina mjadala: mashine yenye diski ya zamani ya kuzunguka inaweza kuchukua dakika nzima na zaidi kabla hujafungua hata Word, na ile ile ukiiwekea SSD inakuwa tayari ndani ya sekunde chache. SSD ya GB 256 inatosha nyumbani. RAM, yaani kumbukumbu ambayo kompyuta inafanyia kazi ikiwa imewashwa, iwe GB 8. GB 4 inawasha Windows, lakini kivinjari chenye kurasa sita kinaimaliza yote.

Nafasi ya kwanza: kompyuta mpakato ya ofisi, kizazi cha 8

Majina ya kutafuta ni Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 7490 au 5490. Hizi zilinunuliwa na makampuni ya Ulaya na Marekani, zikatumika miaka mitatu minne, kisha zikauzwa kwa jumla na kusambaa hadi kwetu. Zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wanaozibeba kila siku, kwa hiyo bawaba ni ngumu na kibodi ni nzuri. Kubwa zaidi ni kwamba zinafunguka: ukitoa skrubu za chini unaongeza RAM au kubadilisha SSD bila kuchomelea chochote. Na kwa kuwa zimejaa sokoni, fundi wa Mwanjelwa au wa Miyomboni anazijua, na kioo au kibodi ya kubadilishia haiagizwi kutoka mbali.

Kati ya hizo, mimi ningechukua T480. Ina betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma inayochomoka kwa mkono, na hiyo ya nyuma unaweza kuibadilisha huku mashine ikiendelea kuwaka. Mahali ambapo umeme unaweza kukatika saa mbili usiku mtoto akiwa katikati ya kazi ya chuo, hilo lina thamani. Pia inachaji kwa USB-C, sawa na EliteBook 840 G5, hivyo chaja ikifa hulazimiki kusaka ya aina moja tu mji mzima. EliteBook nayo ni nyepesi na inapendeza machoni. Wanafunzi wengi huipenda kwa hilo, na sioni kosa.

Wanaosoma uhandisi au usanifu majengo, pale Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na kwingineko, wana hesabu tofauti kidogo. AutoCAD, programu ya kuchorea ramani na michoro, inataka RAM ya GB 8 kama kiwango cha chini kabisa. Chukua mashine ya kundi hili hili, uweke akiba ya kuifikisha GB 16 baadaye. Na AutoCAD yenyewe mwanafunzi anapewa bure akijisajili kwa Autodesk na uthibitisho wa chuo, kwa hiyo hakuna haja ya kununua nakala iliyochakachuliwa kwenye flashi.

Nafasi ya pili: ya mezani, ile ndogo

Kwa steshenari, au kwa familia ambayo kompyuta haitatoka sebuleni, hii ndiyo ingekuwa namba moja. Kwa pesa ile ile kompyuta ya mezani inakupa nguvu zaidi na kioo kikubwa zaidi, na mtoto hawezi kuidondosha kutoka kitandani. Tafuta Dell OptiPlex 3060 au 7060, HP ProDesk 600 G4, au ndugu zake Lenovo ThinkCentre za kizazi hicho. Zipo za saizi ya kitabu kinene, zinazotumia chaja ya nje kama ya kompyuta mpakato. Hizo ndogo zinakula umeme kidogo, na anayehesabu uniti za LUKU ataziona nafuu kuliko zile kubwa.

Kasoro yake ni umeme. Ukikatika, kazi ambayo hujahifadhi imepotea, kwa hiyo hesabu ya mezani lazima iingize UPS, betri ya akiba inayoshikilia umeme ukikatika. Ile ndogo ya 650VA inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu, usitegemee kuchapisha nayo. Ongeza kioo, kibodi, kipanya, na spika kama unazitaka, maana baadhi ya wauzaji hutaja bei ya boksi peke yake. Na kwa mashine za zamani kutoka Marekani, angalia nyuma karibu na tundu la waya: ukikuta swichi nyekundu iliyoandikwa 115 na 230, hakikisha iko 230 kabla hujachomeka. Umeme wetu ni volti 230, na ile swichi ikiwa upande mwingine utasikia mlio mmoja tu.

Wa vijijini wanaotumia sola, kule Makete au Ileje, wasihangaike na mezani. Kompyuta mpakato inachaji mchana na kufanya kazi jioni.

Nafasi ya tatu: kizazi cha 6 au 7, pamoja na Linux

Hapa ni kwa mwenye laki tatu na nusu na hana namna ya kuongeza. EliteBook 840 G3, ThinkPad T470, Latitude E7470: mashine imara, zimepunguzwa bei hasa kwa sababu Windows 11 haizitaki. Mwambie fundi akuwekee Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta unaokaa badala ya Windows. Ni bure, inapata masasisho, na mpangilio wake mtu aliyezoea Windows anauelewa siku ya kwanza. LibreOffice, programu za ofisi, inakuja nayo na inafungua mafaili ya Word na Excel. Kwa barua, majedwali, masomo ya mtandaoni na video inatosha kabisa. Haimfai anayelazimika kutumia programu fulani ya Windows pekee, kwa mfano baadhi ya programu za uhasibu, wala AutoCAD.

Nafasi ya nne: mpya kabisa ya bei ya chini

Najua inavutia. Ina nailoni, ina harufu ya dukani, ina dhamana ya mwaka. Soma ubavuni mwa boksi: Celeron N4020, RAM GB 4, hifadhi GB 64 ya eMMC, aina ya bei ya chini isiyofikia kasi ya SSD. Mara nyingi RAM na hifadhi hiyo zimechomelewa kwenye bodi, haziongezeki. Windows inachukua sehemu kubwa ya zile GB 64, na sasisho kubwa likija linakosa pa kukaa. Utaanza kufuta picha za harusi ili kompyuta ijisasishe. Kama dhamana ndiyo inayokupa usingizi, angalau tafuta yenye RAM ya GB 8 na SSD ya kweli, hata kama itabidi usubiri mavuno yajayo.

Chromebook zilizotumika, yaani kompyuta mpakato zinazotumia ChromeOS ya Google badala ya Windows, naziweka chini ya hapo. Nyingi zinatoka mashuleni Marekani, ni rahisi na betri inadumu, lakini hazipokei programu za Windows na kila modeli ina tarehe ya mwisho ya kupata masasisho. Tarehe hiyo inaonekana kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo kuhusu ChromeOS. Ikiwa imepita, rudisha mezani kwa muuzaji.

Mashine zenye RAM ya GB 2, na chochote cha kizazi cha 4 kushuka chini, siziweki hata kwenye orodha.

Mbele ya muuzaji, kabla hujatoa hela

Usikubali kukagua mashine iliyochomekwa ukutani. Chomoa chaja, itumie robo saa. Kisha fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, andika powercfg /batteryreport, ubonyeze Enter. Inatengenezwa ripoti yenye namba mbili za kulinganisha: uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo inaoweza kujaza sasa. Ikiwa ya pili ni nusu ya ya kwanza au pungufu, bei ishuke kwa gharama ya betri mpya. Muuzaji mzoefu akiona unaijua amri hiyo, mazungumzo hubadilika.

Zima, uwashe ukigonga F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa Lenovo, ili uingie BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayotangulia Windows. Ukiulizwa nenosiri na muuzaji halijui, ondoka. Hiyo bado ina kufuli la kampuni iliyoimiliki. Kuna kufuli jingine la chinichini zaidi: mashine inawaka vizuri dukani, ukija kuweka Windows upya na kuunganisha intaneti inakudai akaunti ya kazini ya kampuni ya ng'ambo. Kwa hiyo omba Windows iwekwe upya mbele yako, mashine ikiwa imeunganishwa na hotspot ya simu. MacBook za mtumba zina ugonjwa huo huo kupitia akaunti ya Apple, na kuufungua bila mwenyewe ni ndoto.

Bonyeza kila herufi ya kibodi. Zilizotoka Ujerumani zina Z mahali pa Y, za Ufaransa zina A mahali pa Q. Mtu mzima huzoea, mtoto anayejifunza kuchapa ataudhika. Chaja yenye pini mbili za mviringo isikutishe, badilisha waya tu.

Vumbi la Julai hadi Oktoba halina huruma kwa feni, kwa hiyo sikiliza kama inavuma kama ndege inayotua Songwe hata wakati hufanyi kitu. Mlangoni pa kutolea hewa pasiwe na pamba ya vumbi.

Kununua hapa au Kariakoo?

Kariakoo bei huwa chini, na mzigo unakuja kwa basi. Lakini Mbeya iko zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam, na mashine ikianza kujizima wiki ya pili, dhamana ya mdomo ya muuzaji wa huko haina miguu. Tofauti ikiwa elfu hamsini, mimi nalipa hapa hapa mjini kwa mtu ninayeweza kumfuata dukani. Tofauti ikifika laki na nusu, tuma ndugu aliyeko Dar akakague kwa amri zile zile, si kuchagua picha kwenye simu. Na zinazopitishwa Tunduma bila karatasi zina bei tamu hadi pale utakaposimamishwa ukiulizwa ushuru.

Baki na elfu hamsini hadi laki moja mfukoni kwa ajili ya RAM, begi na kizuia umeme wa ghafla. Wa Tukuyu na Rungwe kwa jumla, ambako mvua na radi ni za kawaida, kizuia umeme kisiwape kiburi: mawingu yakiunguruma, chomoa ukutani. Windows nayo itakula bando lako usiku mmoja usipoizuia, kwa hiyo kwenye mipangilio ya Wi-Fi, ukiwa umeunganisha hotspot, washa swichi iliyoandikwa Metered connection.

Dai risiti ya EFD, na namba ya utambulisho wa mashine iandikwe karibu nayo kwa mkono wa muuzaji, na mhuri. Namba hiyo iko kwenye stika chini ya mashine na iko pia ndani ya BIOS. Zikitofautiana, huenda bodi imebadilishwa, na unayo haki ya kuuliza ile ya zamani ilipatwa na nini.