Tathmini: Huduma ya Kupokea Taarifa za Mikusanyiko Chini ya Sheria Ndogo

Anza na kitenzi. Sheria ndogo (ile inayotungwa na halmashauri) ikisema mwandaaji wa mkusanyiko "ataomba kibali", huduma imeshaharibika. Ikisema "atatoa taarifa", kuna kitu cha kutetea. Maoni ya Jumla Na. 37 ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa (2020), yanayofafanua ibara ya 21 (haki ya kukusanyika kwa amani) ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, yanataka taarifa itolewe bila malipo na bila urasimu wa kupita kiasi. Pia kutotoa taarifa pekee si sababu ya kuwatawanya watu wala kuwakamata.

Fomu nzuri ni ya ukurasa mmoja: tarehe, saa, mahali au njia, makadirio ya idadi, na mtu wa kuwasiliana naye. Peleka nakala mbili, moja ubaki nayo ikiwa na muhuri na saa ya kupokelewa. Usikubali kuondoka bila muhuri huo.

Huduma nyingi huvunjika kwenye jibu. Ofisi hukaa kimya hadi jioni ya mwisho, kisha barua ya katazo inatolewa wakati mahakama imeshafungwa. Kwa hiyo sheria iandike wazi: kimya si katazo, katazo litolewe kwa maandishi lenye sababu, na mapema kiasi cha kukata rufaa. Maandamano ya ghafla yasamehewe taarifa.

Gharama za polisi na usafi? Si za waandamanaji. Sheria ndogo inayowadai bima naipa alama ya chini kabisa.