Mwaka mzima na kamera ya porini Abisko: uzoefu wangu

Nianze na ugomvi wangu. Kamera hii, ya kufungwa nje na kujipigia picha yenyewe, haikuruhusu kufunga rangi, yaani kuzizuia zisibadilike. Inajipangia yenyewe: wingu likifunika jua, inaona mwanga umekuwa wa bluu mno, inaongeza manjano, na miti yangu inaonekana kama Septemba imefika kumbe ni Julai. Kwa anayepiga picha za wanyama usiku ni jambo dogo. Kwangu rangi ndiyo kazi yenyewe.

Nilikuwa msaidizi wa utafiti Abisko, kaskazini kabisa mwa Uswidi, kama kilomita 200 juu ya Duara la Aktiki. Tulifunga kamera tatu za aina hii kwenye mteremko wa mlima, kila moja ikipiga picha kila saa, tujue mibetula, miti ya mlimani huko, inatoa majani lini na kuyaacha lini. Setilaiti zipo, lakini wingu likigandama wiki ileile ya majani kutoka, huna kitu. Na majira ya huko hayasubiri mtu: majani yanatoka Juni, na Septemba mlima wote ni manjano.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Unachagua eneo la miti kwenye picha, unachukua thamani ya kijani, unaigawanya kwa jumla ya nyekundu, kijani na bluu. Kitu cha kijivu kitupu kinatoa 0.33. Majani yakichipua namba inapanda, ila kwa sehemu chache tu za mia, kwa hiyo kamera ikichezea rangi kidogo, mabadiliko yote yamemezwa. Dawa niliyopata ni kibao cha plastiki cha kijivu, nikakisimika pembeni mwa kila picha. Picha ambayo kibao hakionekani kijivu, nairekebisha kwa kutumia kibao hichohicho, au naitupa. Nilitupa nyingi.

Kosa jingine lilikuwa langu. Ukifika Abisko, macho yanakwenda Lapporten, lile bonde lililochongwa na barafu kama bakuli kati ya milima miwili. Nikaelekeza kamera ya kwanza huko, kusini-mashariki, nikapata asubuhi nyingi za jua kwenye lenzi. Nikaigeuza kaskazini, kama wanavyoshauri wenye uzoefu. Sawa, ila kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai jua halizami pale, na saa sita usiku liko kaskazini likikukodolea macho. Mwishowe nikawa natumia picha za saa nne asubuhi hadi saa nane mchana tu.

Kwa uimara, siwezi kuisema vibaya. Maji hayakuingia hata tone. Kulungu wa Aktiki wanaofugwa na Wasami, wenyeji wa huko, walikuja kujikuna kwenye nguzo, kamera ikabaki nzima. Betri za alkali zilikata roho mapema kwenye baridi. Nilipoweka za lithiamu na kupunguza picha ziwe moja kwa siku wakati wa giza la Desemba, zilinifikisha Mei. Kinachosumbua zaidi ni ardhi. Ikiganda inavimba, ikiyeyuka inashuka, na nguzo inalala taratibu bila wewe kujua. Hakikisha ukingo wa mlima wa mbali unaonekana kwenye picha, uutumie kupima kama kamera imehama. Ya kwangu ya tatu ilihama, na kwa wiki kadhaa nilikuwa nahesabu kijani cha vichaka nikidhani ni mibetula.

Kama unataka tarehe tu, yaani theluji imeondoka lini, majani yameonekana lini, nunua. Kwa bei yake hutajuta. Kama unataka mkunjo wa rangi wa msimu mzima, yaani mchoro wa namba ya kijani ikipanda na kushuka, tafuta kamera inayokuruhusu kufunga mizani ya weupe (ule mpangilio wa rangi unaojibadilisha), hata ikibidi uchange fedha mwaka mmoja zaidi. Niliwaandikia watengenezaji kuhusu hilo. Wakanijibu kwamba rangi hupangwa hivyo makusudi ili picha zipendeze. Na kweli zinapendeza.