Darasa la Kisomo la Jioni Jijini Mwanza: Mwezeshaji Hodari, Vitabu Visivyomjua Msomaji

Kituo ninachokitathmini huendesha darasa la kisomo, yaani la kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, katika shule moja ya msingi jijini Mwanza, kuanzia saa kumi jioni, watoto wakiwa wamekwisha kurudi nyumbani. Shangazi yangu, mchuuzi wa dagaa, amekuwa akisoma hapo tangu mwaka jana, nami kwa ruhusa ya mwezeshaji nimeketi nyuma ya darasa mara kadhaa. Ada haitozwi, mwanakisomo hujinunulia daftari na kalamu. Madawati ni ya watoto, na mwenye magoti mabovu hataona raha.

Sifa kubwa ya darasa hili ni namna mwezeshaji anavyoianza kazi. Ni kijana, na huwaamkia wote shikamoo kabla ya kushika chaki. Badala ya kuwaimbisha irabu watu wenye wajukuu, huwataka waje na karatasi yoyote iliyowahi kuwasumbua, nao walikuja na kadi za kliniki, risiti za umeme wa LUKU, madaftari ya hisa za vikundi vya akiba vya VICOBA, hata barua ya baraza la ardhi la kata. Shangazi alikuja na simu, kwa sababu kila mteja alipomtumia fedha alilazimika kumpa kijana wa jirani amsomee ujumbe, hata kijana huyo akawa analijua salio lake kuliko mumewe. Neno la kwanza alilolisoma peke yake ni "umepokea". Mwezeshaji akalikata silabi ubaoni na kuwauliza wengine ni maneno gani mengine yanaweza kuundwa humo. Ikapatikana "poa", kisha "popo", na darasa zima likacheka. Njia hii inakaribiana sana na ile ambayo Paulo Freire, mwanaelimu wa Kibrazili, aliitumia kwa vibarua wa Angicos, Brazili, mwaka 1963.

Kasoro huanza vitabu vinapogawiwa. Kitabu cha muhula huu kinahusu ufugaji wa kuku, na wengi darasani ni wachuuzi wa mjini wasio na hata banda. Mwanza ingepaswa kulijua tatizo hili mapema, kwani ni katika mikoa ya Kanda ya Ziwa ambako mradi wa kisomo chenye manufaa, yaani kujifunza kusoma kupitia kazi ya msomaji, uliosaidiwa na UNESCO, ulianza mwishoni mwa miaka ya 1960, ukiwa na vitabu vya pamba, ndizi na uvuvi. Mpango ule ulikuwa na busara yake, ila manufaa yalikuwa yameamuliwa mezani. Mkulima wa pamba huenda alitamani kusoma jambo jingine kabisa, maana pamba alikuwa akiijua kuliko mwandishi wa kitabu.

Hayo ndiyo yaliyompata mzee mmoja, fundi mitumbwi mstaafu, aliyeeleza wazi kwamba anataka kuandika majina ya ukoo wake na mahali walikozikwa wazee wao. Alijibiwa, kwa heshima, amalize kwanza sura za kuku. Alihudhuria majuma machache, kisha akaacha. Simlaumu sana mwezeshaji, kwa kuwa kituo humpima kwa idadi ya sura alizomaliza.

Anayetaka kusoma miamala, barua na hesabu za biashara, ninamshauri ajiandikishe mwanzoni mwa muhula, kabla vitabu havijatolewa, na afike na karatasi zake mwenyewe. Mwenye haja kama ya yule fundi na amwombe mwezeshaji nusu saa baada ya kipindi. Nimemwona akiwapa wengine muda huo bila kudai chochote.